Samli Ndani ya Kompyuta

Kila alipotoka shule, Ainembabazi alipitia kwenye banda la gemu la kaka yake Elick, hapo Nkwenda. Alifagia, akapanga viti, kisha akawahi nyumbani kufungia ndama. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono isiyotulia.

Wiki hiyo kompyuta ya gemu ilikuwa nzito, inakwamakwama. Wateja walimcheka Elick. "Badilisha prosesa, bwana! Wenzako hubadilisha kila mwaka." Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ya Elick ilikuwa na miaka mitatu.

Ijumaa Elick alitoka kidogo kununua soda. Ainembabazi akaona amsaidie. Akafungua kompyuta, akang'oa feni, akakuta juu ya prosesa kitu cha kijivu kilichokauka. Akakipangusa, akidhani ni uchafu. Kwao ni wafugaji: miguu ikipasuka hupakwa samli, mnyororo wa baiskeli ukilia hupakwa samli. Na kichupa cha samli alichotumwa na mama ampelekee kaka kilikuwa palepale. Akapaka, akarudisha feni.

Kompyuta iliwaka, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima.

Elick aliporudi alishika kichwa. "Prosesa imekufa! Na mbona kunanukia samli?"

"Ni kichupa, kaka. Kilimwagika," alidanganya.

Elick akampigia simu baba yao, mzee Rwezaura. Ainembabazi alisikia kila neno: mtamba wao Bihogo auzwe, prosesa mpya inunuliwe. Mnunuzi angefika kesho asubuhi.

Bihogo alikuwa na mimba, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja maziwa yake. Jioni ile aliisukuma pembeni sahani yake ya ndizi. Akisema, kaka atamfukuza bandani na baba atamchapa. Asiposema, Bihogo anaondoka.

Asubuhi mnunuzi alikuja na kamba. Alipoivisha shingoni mwa Bihogo, Ainembabazi akaidaka kamba.

"Baba, usimuuze! Ni mimi!" Akasema yote, hata uongo wa kichupa, huku akingoja kofi.

Baba hakumpiga. Alivua kamba taratibu, akamwomba radhi mnunuzi, akampakia binti yake kwenye baiskeli mpaka bandani. "Mwambie kaka yako mwenyewe," alisema. Hapo ndipo Ainembabazi alipoogopa zaidi, lakini alimwambia Elick yote.

Elick alimtolea macho, kisha akamwita fundi Benadeta. Dada huyo alifungua, akanusa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akafuta samli, akapuliza vumbi lililoziba feni, akapaka dawa mpya ya kijivu ya kupooza joto, kama ile Ainembabazi aliyoidhani uchafu. Akabonyeza swichi. Wote walibana pumzi. Kompyuta ikawaka, ikabaki imewaka, nyepesi kuliko zamani.

"Prosesa ni nzima," alisema Benadeta. "Ikichemka hujizima yenyewe. Haibadilishwi kwa kufuata kalenda, Elick. Safisha kwanza. Ibadilishe siku itakaposhindwa na gemu unazozitaka, hata kama ni baada ya miaka mitano."

Mzee Rwezaura akamgeukia binti yake. "Usichokijua, uliza kabla ya kukigusa. Na ukiharibu, sema siku ileile, hata kama unaogopa. Hofu yako ya jana ilikuwa inamuuza Bihogo."

"Nisamehe, baba. Nisamehe, kaka."

Elick alimpa brashi ndogo. "Kila Jumamosi tutafuta vumbi pamoja," alisema. "Samli uiache nyumbani."