Hatutaki Parki!

Mimi naitwa Radhia. Nakaa Buyenzi, hapa Bujumbura. Mume wangu ni Thabit, muuza vipuri. Ananunua magari mabovu, anayafungua, anauza mlango kwa huyu na taa kwa yule. Mtoto wetu ni Aya, ana miaka saba. Na niseme mapema: mimi nina mdomo. Anayetaka hadithi ya mwanamke mpole aende kwa jirani.

Katika avenyu yetu mtu haamshwi na jogoo. Anaamshwa na nyundo. Mafundi wanatengeneza magari barabarani, wamelala chini yake, miguu iko nje. Watoto wanacheza kwa kuruka miguu hiyo. Akina mama tunapita katikati na ndoo kichwani, tukigombana na kila mtu.

Zamani haikuwa hivyo. Nyumba yetu ilikuwa na ua mkubwa. Kisha vita vikaja. Watu walikimbia kutoka mitaa ya Kamenge na Kinama, na kutoka milimani, wengi wakaja Buyenzi. Mtu akikimbia risasi humwulizi maswali mengi. Thabit akajenga vyumba uani. Katika kimoja anakaa Zénon, mbeba mizigo wa bandarini, pamoja na mke wake na watoto wawili. Sisi tunasali msikitini, wao wanasali kanisani, na chumvi tunaazimana. Lakini ua ukaisha. Aya naye akaenda kucheza barabarani kama wenzake.

Alasiri moja gari la mteja lilirudi nyuma. Fundi alikuwa bado anatengeneza breki. Nilisikia kilio, nikajua ni mtoto wangu. Mguu wa Aya ulivunjika. Hospitali walimfunga plasta, nami nikamfungia ndani. Alikaa dirishani mchana kutwa akiwatazama wenzake. Moyo wangu uliuma sana. Nje kuna magari, ndani kuna machozi. Sasa mtoto acheze wapi?

Siku hizo hizo Mzee Chabani, shefu wa mtaa wetu, alipita akitangaza.

"Jumapili baada ya adhuhuri, wote kiwanjani! Atakuja madamu wa mipango ya muji. Wanataka kuweka parki!"

Kiwanja hicho kiko mwisho wa avenyu. Ndiyo nafasi tupu ya mwisho iliyobaki kwetu. Kina takataka, kina maji ya mvua yaliyosimama, na kina magari mabovu ya mume wangu.

Thabit alirusha kofia juu.

"Mama Aya, Mungu ametukumbuka! Parki!"

"Parki ni nini?"

"We hujui? Ni pahali pa kuweka mabasi. Basi ikiharibika pale, nani iko na vipuri karibu? Ni mi!"

Alitoka mbio mpaka mlango wa msikiti. Mbele ya watu wote alimwambia Mzee Chabani, "Shefu, mi wa kwanza! Magari yangu nitaondoa mwenyewe, nipishe parki!"

Aliporudi damu ilikuwa inanichemka.

"We Thabit, uko na akili kweli? Gari moja imevunja mutoto muguu, sasa unaleta mabasi?"

"Mama Aya, hiyo ni kazi!"

"Kazi gani? Ya kuzika watoto? Astaghfirullah!"

Jioni Zénon alirudi kutoka bandarini. Alisikia habari, akakaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Mama Aya, hiyo parki si ya magari."

"Ni ya nini sasa?"

"Ya watu. Kwetu milimani watu wa serikali walikuja hivi hivi. Walisema tukae pahali pamoja kwa usalama. Tulikaa mwaka muzima. Kuna waliokufa pale."

"Na waliita parki?"

"Apana. Waliita jina lingine. Jina zuri haikosi."

Kesho yake jirani mwingine akaniambia parki anayoijua yeye ni ile mbuga ya Rusizi, yenye viboko. "Sasa kiboko atakunywa maji gani hapa?" aliniuliza. "Robine ya maji ni moja, na sisi wenyewe tunapigana!"

Kichwa kiliniuma. Mabasi, kambi au viboko? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza. Mimi nilijifunga kanga, nikapita mlango kwa mlango. Niliwaambia wanawake wote, "Jumapili tuseme kwa sauti moja: hatutaki parki!"

Jumapili ilifika. Kiwanja kilijaa. Thabit alimbeba Aya begani, mguu wa plasta ukining'inia kifuani kwake. Madamu Daphrose alikuja na karatasi kubwa iliyokunjwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya ualimu. Alisema anakaa Mutanga Nord, mtaa wa wenye nafasi, na anafanya kazi katika mipango ya mji. Akafungua kinywa.

"Ndugu zangu, tunataka kuweka hapa parki..."

"Hatutaki parki!" nilipiga kelele. Wanawake wote wakaitikia. "Hatutaki! Hatutaki!"

Madamu Daphrose alingoja. Kelele hazikwisha. Akaanza kukunja karatasi yake.

"Sawa," alisema. "Hatulazimishi mutu. Kuna tajiri mumoja anaomba kiwanja ajenge depo ya simenti. Basi atapewa. Malori yatapita avenyu hii."

Malori! Moyo wangu ulishtuka. Mabasi yana afadhali, angalau yanasimama.

"Ngoja kwanza, madamu," nilisema. "Hayo mabasi ya parki ni mangapi?"

"Mabasi gani, mama?"

"Ya parki."

"Parki haina mabasi!"

Thabit alikohoa. Watu wakatazamana.

"Ni kambi!" mtu alisema nyuma.

"Ni viboko!" alisema mwingine.

Madamu Daphrose alitushangaa. Nadhani alifikiri ameingia kwa wendawazimu.

"Parki ni bustani," alisema.

"Ya mboga?" aliuliza mzee mmoja. "Nani atavuna?"

"Apana, muzee. Ya kupumzika. Iko na miti, iko na viti."

Watu walicheka, lakini si cheko la furaha. Mimi sikucheka. Nilikasirika.

"Madamu, kupumzika ni ya watu wa Mutanga. Watu wanalia vita, we unatuletea viti? Lete maji!"

Alijifuta uso. Sauti ya ualimu ikaondoka, akaongea kama mtu aliyechoka.

"Kosa ni langu. Nimeleta neno, sikuleta maana. Mama, acha nikuulize. Nyumbani kwako, ua iko namna gani?"

"Ua gani? Iliisha. Watu walikuja, tukajenga vyumba."

"Muko wangapi pale?"

"Tatu. Mi, bwana yangu na mutoto."

Zénon alikuwa amesimama pembeni yangu. Akakohoa.

"Na huyu?" aliuliza Madamu Daphrose.

"Huyu mugeni."

"Tangu lini?"

"Miaka ine."

Kiwanja kizima kilicheka. Hata Zénon alitabasamu. Niliona haya jamani!

"Mugeni wako hanywi maji?" aliuliza Madamu Daphrose. "Haendi choo? Watoto wake hawachezi?"

"Wanacheza."

"Basi ni watu wa kuhesabu. Karatasi yetu ya zamani inasema kila nyumba hapa iko na familia moja na ua. Robine moja ilitosha wakati ule. Leo nyumba moja iko na familia mbili, tatu. Muji umekua, karatasi imelala. Mukituficha watu, tutaleta maji ya watu wachache. Tutajenga darasa la watoto wachache. Munaelewa?"

Tulielewa. Hapo hata mimi nilikuwa nasikiliza kwa masikio mawili.

"Sasa niambieni," aliendelea. "Zamani uani mulikuwa munafanya nini?"

Wanawake walianza kujibu wote pamoja. Tulitwanga. Tulianika nguo na mchele. Tulikalisha wageni wa harusi, tulitandika mikeka ya matanga.

"Na watoto wetu walicheza pale, mbele ya macho yetu..." nilisema.

Ilikuwa kama mtu amewasha taa. Ua wangu ulikwisha, wa jirani ulikwisha, nyua za mtaa mzima zilikwisha. Ndiyo maana watoto wako chini ya magari. Wala si utundu wao.

"Kumbe!" nilisema. "Madamu, unataka kututengenezea ua! Ua ya mutaa muzima!"

"Ndiyo, mama! Ndiyo hiyo! Na robine ya pili pembeni, na choo, na mutaro wa kutoa maji ya mvua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema parki!"

Tulicheka wote, na safari hii lilikuwa cheko la kweli. Zénon peke yake hakucheka. Alitoka mbele.

"Madamu, itazungushwa waya ya miiba? Nani atakaa na funguo?"

Kicheko kilikatika. Madamu Daphrose alimsogelea.

"Apana, ndugu yangu," alisema polepole. "Haina waya, haina funguo. Mutu ataingia akitaka, atatoka akitaka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Zénon alirudi pembeni yangu. Akapumua kwa nguvu, nami nikamshika bega.

"Ngojeni!" alisema Thabit. "Kama haina mabasi, mi sitaki parki!"

"Na mi ninataka!" nilisema.

Mzee Chabani alishika tumbo kwa kucheka. "Nyumba hii mumebadilishana midomo? Thabit, pale musikitini ulisema nini?"

"Nilisema... nitaondoa magari, nipishe parki."

"Na hii inaitwa nini?"

Thabit alivua kofia. Mdomo uliponza kichwa. Lakini nilimwona usoni, hakuwa anafanya mchezo.

"Shefu," alisema, "yale magari ndiyo yanapika kwangu. Mi niyapeleke wapi? Niyatie mufukoni?"

"Ameuliza vizuri," alisema Madamu Daphrose. Akafungua karatasi tena, akaonyesha ukingo wa mtaa, karibu na barabara kubwa. "Mipango si kufukuza watu. Kila kitu ipate pahali pake. Hapa ni pa magari mabovu na pa mafundi wote. Watoto huku, magari kule."

"Wateja hawatafika kule," alisema fundi mmoja.

"Mutu mumoja akienda peke yake, hawatafika. Mukienda wote, wateja wataenda wapi pengine?"

Mafundi walinong'onezana. Thabit aliyatazama magari yake. Mimi, mwenye mdomo, sikusema neno. Niliogopa nikisema atakataa kwa ubishi tu. Aya alikuwa amechoka, amelaza kichwa juu ya kichwa cha baba yake. Thabit aliinua mkono akaishika ile plasta. Aliishika muda mrefu.

"Nilisema nitaondoa," alisema mwishoni. "Nitaondoa."

Na aliondoa. Yeye na wenzake waliyasukuma magari yale mpaka pahali papya. Majuma ya kwanza wateja walipotea njia, nasi tulikula maharage mpaka tukayachoka. Kisha wakazoea. Mtu aliyetaka taa na breki alipata vyote kituo kimoja, bila kuzunguka Buyenzi nzima.

Kule kiwanjani tulizoa takataka, tukachimba mtaro. Maji ya mvua yalipata njia, na mbu wakapungua. Robine ya pili ilikuja. Miti ilipandwa, midogo bado. Wanawake tulidai pahali pa kufulia nguo, tukapata. Madamu Daphrose alipita tena nyumba kwa nyumba kuhesabu watu, nami nilimtajia wote, hata mtoto mchanga wa jirani aliyezaliwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Darasa jipya bado hatujalipata. Vita havijaisha na mji hauna kitu. Lakini sasa wanajua watoto wetu ni wangapi, nasi tunajua wa kumwuliza.

Neno parki halikushika. Mtoto akiulizwa anakwenda wapi, anasema, "Uani."

Plasta ya Aya ilitolewa. Mwanzoni alichechemea, na mimi nilimfuata nyuma kama kuku na kifaranga. Siku baada ya siku alikwenda kucheza na wenzake, mpaka nikaacha kumfuata.

Kisha alasiri moja risasi zililia kule milimani. Wanawake tulitoka mbio. Siku kama hiyo zamani kila mama alikimbia na njia yake, akiita jina, akiinama chini ya kila gari. Safari hii hatukutafuta. Watoto walikuwa uani, wote, tuliwaona kwa jicho moja. Niliwashika watoto wa Zénon, huyu mkono huu, huyu mkono huu. Mikono ikaniishia.

"Aya, kimbia!" nilipiga kelele. "Kimbia nyumbani!"

Akakimbia. Barabara ilikuwa tupu, haina gari hata moja. Nilijaribu kumfikia, sikuweza. Nilifika mlangoni nikihema, machozi yananitoka, sijui ni ya woga au ya furaha. Aya alikuwa amekwisha kutufungulia mlango.

"Mama," aliniambia, "we unakimbia polepole sana."