Mgeni wa Fundi Redio

Ukitaka kujua balaa lile lilianzia wapi, lilianzia kwenye neno la adabu, na aliyelitamka hakuinua hata kichwa.

Fundi Redio alikuwa amejikunyata ndani ya kibanda cha mabati alichokisimamisha jana yake, ameinamia redio yake mwenyewe iliyogoma safarini. Jua lilikuwa la utosi. Mlango wa kibanda haukuwapo bado, ulikuwapo uwazi tu na kipande cha turubai. Nje mwanamke akaita, "Hodi hapa." Naye, macho yake yakiwa kwenye waya aliokuwa anaunga, akajibu kama alivyojibu miaka nenda miaka rudi kwenye kibanda chake cha mjini, ambako mteja huingia, huketi na kusubiri zamu yake.

"Karibu, karibu. Pita ukae, nakuja sasa hivi."

Kiti cha mbao kililia kama kinavyolia kikikaliwa. Fundi akamaliza kuunga waya, akafuta mikono, akageuka. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na yeye hakuwa amewasha moto tangu asubuhi.

"Wateja wa siku hizi hawana subira," alinung'unika, kisha akajicheka, kwa sababu pale hapakuwa na duka wala mteja. Palikuwa na majani, visiki, na yeye.

Shamba lenyewe, tusidanganyane, halikuwa la kumtoa mtu udenda. Lilikuwa ekari chache za majani marefu mbali na lami, zenye nguzo za mpaka zilizopinda. Lakini lilikuwa lake. Fundi alikuwa amechoka nyumba za kupanga, amechoka kuambiwa asipigilie misumari ukutani, amechoka kuhamisha makabati kila mwenye nyumba anapopata hasira. Alitaka azeekee na mkewe mahali ambapo hakuna wa kuwatoa. Tatizo ni mkewe. Mama huyo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na hakuwa mtu wa kuburuzwa.

"Mimi sihamii porini," alimwambia. "Chimba choo, weka paa, nije nipaone. Nikipapenda nitasema ndiyo. Nisipopapenda, utalima peke yako na utakula peke yako."

Basi tangu siku hiyo roho ya Fundi ilining'inia kwenye hiyo ndiyo. Asingeweza kuishi pale bila yule mwanamke, na hilo alilijua vizuri, ingawa hakuwahi kumwambia.

Alianza na choo. Alimpata mchimbaji mmoja mwenye kifua kama mlango, jina lake la kazi Chuma. Chuma alipiga sururu asubuhi nzima huku akiimba. Fundi akaenda kuteka maji mtoni. Aliporudi, shimo lilikuwa la magotini, sururu imelazwa vizuri pembeni, na Chuma hayupo. Akampigia simu.

"Wewe bwana, umekwenda wapi?"

"Mzee, mimi nimelelewa," Chuma alisema. "Siwezi kubishana na mama yako."

"Mama yangu yupi?"

"Si yule aliyekaa kwenye kiti hapo kibandani? Kaniambia hapo nisichimbe, ni mlangoni kwake. Nikamwomba radhi nikaondoka. Mngeelewana kwanza huko nyumbani ndipo mtuite sisi."

"Mama yangu amekufa wewe hujazaliwa!"

Fundi alisikia pumzi zake, kisha simu ikakatwa, na tangu hapo haikupokelewa tena.

Ala! Fundi aliona anachezewa. Akasema moyoni, huyu amepata kazi nono kwingine, anatafuta kisingizio. Akamleta mwashi wa kupima msingi. Mwashi akapiga vigingi, akavuta kamba, na saa sita mchana Fundi akamkuta anazikunja kamba zake, anatia mfukoni.

"Kulikoni tena?"

"Mama hataki," mwashi alisema bila kumtazama. "Na asiponitaka mwenye nyumba sijengi. Kwaheri, mzee."

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Sawa, mzee," mwashi akasema, kama mtu anayemkubalia mgonjwa, akapanda baiskeli yake.

Dereva wa lori la matofali naye akamwaga mzigo wote kando ya barabara, chini kabisa, kwa sababu bi mkubwa alimpungia mkono kwamba asiingie. Fundi alishinda siku mbili anasukuma toroli la matofali kupanda kilima, mgongo unamuuma, mdomo hautulii. Alimtukana dereva, akamtukana Chuma, akamtukana aliyemuuzia shamba, akalitukana na toroli lenyewe. Alisimama katikati ya majani akapiga kelele: "Nani ananichezea hapa? Jitokeze!" Hakujitokeza mtu. Alishaamini kwamba ni majirani wamekula njama wamchoshe, auze kwa bei ya kutupa. Damu ilimchemka hata usingizi ukampaa, na alipolala macho wazi gizani alisikia kile kiti kikilia polepole, kikinyamaza, kikilia tena, kama mtu mzito anayejiweka sawa. Akasema ni mbao zinakauka. Asubuhi aligusa kikalio cha kiti hicho, akakuta kina uvuguvugu. Akakitoa nje kwa hasira, akakitupa kwenye majani. Aliporudi na maji, kiti kilikuwa ndani, kimeelekea pale alipolala.

Siku hiyo Fundi hakutukana mtu.

Jumamosi mkewe alikuja kupaona. Fundi alikuwa amefagia, amefua shati, ameweka ua la majani kwenye kopo, masikini ya Mungu. Alimwona anapanda njia na kikapu chake, akasimama mbele ya kibanda na tabasamu la mtu anayeomba kazi. Mkewe akamgusa bega, akampita, akainama kwenye uwazi wa mlango.

"Shikamoo, mama."

Kisha akamgeukia mumewe, uso umekunjamana kwa aibu. "Baba watoto, ndiyo tabia gani hii? Una mgeni mtu mzima hata hunidokezi, nimekuja bila cha kumpa."

Fundi akamshika mkewe kiwiko, akamvuta mpaka nyuma ya matofali.

"Mgeni yupi?" alinong'ona.

"Usinitanie."

"Mwalimu, naapa sikutanii. Mimi pale naona kiti kitupu. Niambie, yukoje?"

Mkewe alimtazama usoni akitafuta utani, asiupate. Sauti yake nayo ikashuka. "Ni mama wa makamo. Kajifunika kitambaa cheusi. Hakuitikia salamu yangu. Anakutazama wewe tu, hata sasa anakutazama, matofali yote haya si kitu kwake. Na miguu yake, baba watoto..."

"Miguu yake ina nini?"

"Vumbi lote hili, na nyayo zake ni laini, nyekundu, kama za kichanga aliyezaliwa leo. Hajawahi kukanyaga chini yule. Twende. Twende sasa hivi."

Waliondoka bila kikapu. Njiani mkewe alilia, akasema hatatia mguu pale tena, na Fundi akaona ndiyo yake imekwenda na maji. Alimsihi. Alimwambia mara moja tu, tumtafute mtu anayejua mambo haya, akishindwa nitauza, nitarudi mjini tukapange hata choo cha mtu. Ndipo kwa mara ya kwanza akamwambia pia kwamba bila yeye shamba lile ni majani tu.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa haraka haraka, aliyekuja juu ya pikipiki ya kukodi, simu mbili mkononi. Aligoma kuvuka nguzo za mpaka. Alimhoji Fundi palepale barabarani, na alipofika kwenye habari ya redio akasonya.

"Ulimtazama ulipomwitikia?"

"Nilikuwa na kazi mkononi."

"Basi. Ulimkaribisha bila kumpa macho, ndiyo maana wote wanamwona ila wewe. Huyu hakuvamia, baba. Alipiga hodi, akaitikiwa, akaambiwa akae. Siwezi kumfukuza, nikimfukuza mwenye makosa ni mimi. Itabidi asindikizwe. Utamwambia safari njema, utabeba mzigo wake, utakwenda nyuma yake mpaka mpakani, macho chini. Huko yeye mwenyewe atasema rudi. Akisema, geuka, uende, usiangalie nyuma mpaka uwe ndani kwako."

"Na nitamsikiaje, mimi nisiyemwona?"

"Mkeo atakwenda ubavuni pake, atakusikilizia. Na wewe mama, nisikie vizuri. Atakusemesha. Usimjibu. Akushukuru, akuombee wanao heri, funga mdomo. Neno lako ni moja tu, la kumwambia mumeo rudi. Ukimjibu, atachukua anachokitaka."

"Kumnyamazia mtu mzima si adabu," mkewe alisema kwa sauti ndogo.

"Adabu ndiyo iliyowafikisha hapa," mganga akajibu, akapokea simu.

Walikwenda jua likiwa bado juu. Fundi alisimama mbele ya kiti kitupu, akasema, "Safari njema, mama," akanyoosha mikono akijiona mjinga, na hapo mzigo ukamshukia, mzito, wa baridi, kama beseni la mchanga uliolowa, na harufu ya majivu ikamjaa puani hadi kooni. Akauma meno, akaanza kutembea. Aliona visigino vya mkewe mbele yake, na kando ya visigino hivyo majani yaliyokuwa yakilala na kuinuka yenyewe, yakilala na kuinuka, wakapita kwenye shimo la choo lililokuwa bado la magotini, wakapita vigingi vya mwashi, na kila hatua mzigo ulizidi, jasho likimwingia machoni asiweze kulifuta, naye akilaani kimoyomoyo, akiulaani mzigo, na ardhi, na ule waya wa redio uliomfanya asiinue kichwa, na huku akilaani akiomba, mpaka asijue tena neno lipi ni laana na lipi ni dua, hadi alipoziona nguzo za mpaka kwa pembe ya jicho na akadhani moyo utampasuka kwa furaha.

Ndipo akamsikia mkewe, mwanamke aliyelelewa akaleleka, akisema kwa upole, "Amina, mama. Asante sana."

Fundi aliganda. Visigino vya mkewe navyo viliganda. Hakuna kilichotokea. Ndege alilia mahali, pikipiki ya mganga ikaunguruma barabarani. Na hapo sauti ya mkewe ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Rudi."

Mzigo ukatoweka mikononi. Lo, wepesi ule! Fundi akageuka, macho chini, akashika njia. Hakuangalia nyuma, ng'o, hata shingo ilipomwasha. Nyuma yake zilikuja hatua, nyepesi, zenye kufuata zake, naye akazipokea kwa shukrani, akaanza kuongea bila kugeuka, maneno yakimtoka kama maji, kwamba imekwisha, kwamba kesho atamfuata Chuma kwake ampigie magoti, kwamba choo kitakuwa na mlango wa bati na dirisha, chochote atakacho. Aliinua turubai, akaingia, hatua zikaingia nyuma yake. Akaketi juu ya godoro, akafunika uso kwa viganja, akalia kidogo. Alikuwa mtu mzima na hakujali.

Alipofuta macho akatazama nje kupitia uwazi wa mlango, kule chini, kwenye nguzo.

Mkewe alikuwa bado amesimama pale. Gauni lake lilipepea, mikono yote miwili ilikuwa juu, anapunga, anapunga, na mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtu anayeita kwa nguvu zake zote. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kibandani. Fundi alisikia majani yakisuguana, akasikia pikipiki ikiondoka mbali barabarani, akasikia hata turubai likipiga bati. Sauti ya mkewe hakuisikia. Alimwona anajishika koo, anafungua mdomo tena, na hakutoka hata mnong'ono.

Fundi hakuweza kuinuka. Mkono mdogo, laini kama wa kichanga, ulimtulia begani kutoka nyuma, na sauti ya mkewe, ile ile aliyoijua tangu wakiwa vijana, ikamwambia kwa upendo:

"Baba watoto, nimepapenda. Ndiyo. Nahamia leo leo."