Mnara Nyuma ya Nyumba ya Lule

Kila asubuhi Lule alikama mbuzi, kisha akapanda kilimani nyuma ya nyumba na simu yake. Hapo, karibu na mnara wa simu, sauti ya binti yake Olimbi ilifika vizuri kutoka Italia. Olimbi alikuwa mjamzito.

Mwaka ule ghasia zikazuka nchini kwao, Albania. Watu wenye bunduki walipita kijijini, wakachoma mitambo ya mnara. Simu ikawa kimya.

"Mwanangu atajifungua bila kunisikia," Lule alisema. Pandeli, mumewe, alimfunika shali mabegani.

Jirani yao Thoma akaja na msumeno. "Pandeli, tukate vyuma tuuze. Kampuni yenyewe ya kigeni. Wameshakula kona wale, hawarudi ng'o!"

Pandeli alikuwa ameshashika nyundo alipofika Marieta, fundi wa kampuni ya simu.

"Mjomba, subiri! Mnara huu una bima."

"Bima ya moto?"

"Zaidi ya moto. Anayeleta mtaji nchi ya watu huogopa mengi. Vita, ghasia, serikali kumnyang'anya mali, au kumzuia asipeleke faida kwao. Kwa hiyo hulipa ada ya bima. Likimpata mojawapo, hufidiwa."

Thoma akacheka. "Afidiwe, halafu aende zake!"

"Anaweza kuondoka," Marieta alikubali. "Lakini asiyefilisika hupata moyo wa kujenga tena. Bila bima hii, nani angethubutu kuleta simu huku milimani? Ila bima hailipi maneno matupu. Mkikata vyuma, tutajuaje ghasia ziliharibu nini na wezi walichukua nini?"

Thoma akauficha msumeno nyuma ya mgongo. Pandeli akaweka nyundo chini.

"Hakuna atakayeugusa," alisema. "Na wakaguzi wa bima wakija, nitasema niliyoyaona."

Wakaguzi walikuja, wakapiga picha, wakamsikiliza. Bima ikalipa. Theluji ilipoyeyuka, mafundi wakarudi na mitambo mipya. Thoma mwenyewe aliwabebea nyaya kwa punda wake.

Simu ililia Lule akiwa jikoni.

"Mama," Olimbi alisema, "msikilize mwenyewe."

Kikasikika kilio chembamba. Lule akampa mumewe simu.

Pandeli aliishika kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Lia, mjukuu wangu," alisema. "Lia kwa nguvu. Huku tunakusikia."