Kabati Lisilopita Mlangoni

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua kibanda chake mapema. Ndani mlikuwa na cherehani, meza, stuli na umbea. Waliokuja kushonesha walikaa. Wasiokuja kushonesha walikaa zaidi.

Siku hiyo fundi hakutania na mtu. Mwenye nyumba waliyopanga yeye na mumewe alitaka vyumba vyake mwisho wa mwezi, maana mwanawe alikuwa anaoa. Vyumba vingine vilishapatikana, ng'ambo ya soko.

"Shida ni gari," alimwambia jirani yake. Jirani huyo aliitwa Mama Hamahama. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa amehama mara nyingi kama yeye. "Tulipohamia hapa gari lilikwenda safari mbili. Mara hii likirudia, pesa ya kodi ya kibanda inakwenda na gari. Na nikikosa kodi ya kibanda, natoka."

"Mara ile mlifungasha lini?"

"Asubuhi ile ile. Dereva anapiga honi, mimi natafuta kamba. Shemeji zangu walikuja wote. Kila mmoja alibeba alichokiona. Mmoja alipakia sufuria na mchuzi ndani."

Mama Hamahama alicheka mpaka akashika ukuta. "Hamkuhama, shoga yangu. Mlikimbia."

Alivuta stuli, akakaa vizuri.

"Sikiliza. Kitu kibovu kikipanda gari, unakilipia kama kizima. Kwa hiyo kiuze, kigawe au kitupe. Halafu anza kufungasha leo, ukianza na vile usivyovitumia. Vya kupikia na kulalia viwe vya mwisho. Na mlango wa huko umeupima?"

"Mlango?"

"Kutwa unapima viuno vya watu, mlango unauonea haya?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Fundi alichukua tepu yake, wakaenda ng'ambo ya soko. Mlango ulikuwa wa chuma, tena mwembamba. Kabati la nguo, walilopewa na mama mkwe wake, lilikuwa pana kuliko mlango.

Jioni alimweleza mumewe, fundi redio.

"Baba watoto, kabati la mama halipiti."

"Litapita. Tutalisukuma."

"Mlango wa chuma huo."

"Kwa hiyo unataka kumuuza mama yangu?"

"Nani kamgusa mama yako? Nasema kabati."

Mama Hamahama alikuwa amekuja kuchungulia tu, na bado hajaondoka. Aliinama nyuma ya kabati.

"Shemeji, hili limefungwa kwa skrubu. Linafunguka. Mbao zikilazwa, gari linabaki na nafasi. Skrubu zitie kwenye mfuko, mfuko uufunge kwenye mbao hizo hizo. Ukizitia mfukoni mwako, zitafuliwa pamoja na suruali."

Mume akaenda kutafuta bisibisi. Ndipo jirani alipoona uvungu wa kitanda. Ulijaa redio.

"Na hizi, zinaongea?"

"Hii ilikuwa inaongea."

"Hata marehemu alikuwa anaongea, shemeji."

Mume hakutaka kucheka, lakini alicheka. Siku chache baadaye redio zote mbovu zilikwenda kwa wauza vipuri. Alibakiza moja.

Fundi naye alikuwa na magunia ya vipande vya vitambaa. Alianza kuyaburuta kwenda jalalani.

"Weka chini!" Mama Hamahama alifoka. "Sahani utazifungia nini? Ngozi yangu?"

Basi sahani zikavishwa mabaki ya magauni ya harusi. Vitu vizito viliingia kwenye maboksi madogo, ili mtu aweze kuyainua. Vitu vyepesi vilikwenda kwenye makubwa. Kila boksi lilifungwa kitambaa cha rangi: chekundu cha jikoni, cha bluu cha chumbani. Asiyejua kusoma naye angejua pa kuliweka.

Dereva aliitwa kuona mzigo kabla ya siku yenyewe. Walipatana bei ya safari moja, na ujira wa wapakizi humo humo. Siku waliyochagua ilikuwa katikati ya mwezi, wakati wahamaji ni wachache na bei haijapanda.

Siku ilipofika, kila kitu kilikuwa mlangoni. Shemeji walikuja, wakasimama mikono kiunoni.

"Sasa sisi tufanye nini?"

"Mkifika kule, fuateni rangi," fundi alisema. "Na msiguse sufuria."

Mbao za kabati zilipanda kwanza, zikafuata kitanda, meza na maboksi. Gari likajaa. Godoro likabaki chini.

Fundi alilitazama. Mumewe alitazama pembeni. Dereva alizunguka gari lake, akapanda, akasogeza boksi moja, akalilaza godoro juu ya vyote. Akavuta kamba, akaifunga.

"Twende," alisema.

Hapakuwa na safari ya pili. Kule, kabati liliingia mlangoni vipande vipande, na kabla ya giza lilikuwa limesimama na nguo ndani.

Asubuhi iliyofuata fundi alipitia kwa mwenye kibanda, akalipa kodi. Kisha akafungua kama siku zote. Mteja wa kwanza aliwahi stuli.

"Eti mnahama lini? Nataka nije niangalie."

"Tulihama jana."

"Jana! Mbona hatukusikia kelele?"

Fundi alitia uzi kwenye sindano, akaanza kushona.