Gugumo Aliyeitika

Kadi ya tisa ilikuwa imempa mgongo.

Fundi miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Gugumo, mnyama wa katuni aliyechorwa kwenye kadi hiyo, mwenye masikio kama kandambili na kitambi cha kufika magotini, siku zote alitazama mbele akicheka. Leo ulionekana mgongo tu, na manyoya yake.

Kadi zote sitini za albamu yake zilitoka kwenye pakiti za biskuti. Mtu mzima, baba wa mtoto, alitafuna biskuti miezi saba mpaka kitambi chake na cha Gugumo vikawa mapacha. Kila asubuhi aliigonga kadi ya tisa kwa kidole: "Vipi, mwanangu? Umeamkaje, mwanangu?" kama vijana wanavyoitana kijiweni. Binti yake wa miaka minane akinuna, "Na mimi je, baba?" hujibiwa, "Wewe subiri, nasalimia wakubwa."

"Nani kachezea albamu yangu?" akauliza mezani.

"Mimi nikiyagusa hayo makaratasi," mkewe akasema, "ujue nawashia jiko."

Fundi akamgeukia shemeji yake, mchora mabango, aliyelala chumba cha uani. Nani mwingine mwenye brashi humu ndani?

"Usinitolee macho, shemeji. Mimi nachora vichwa vya saluni, sichori majini."

Fundi akaifungia albamu kabatini, ufunguo akautia ndani ya soksi, soksi akaivaa mbele ya wote. Kesho yake Gugumo alikuwa amegeuka mbele, lakini hacheki. Kesho kutwa yake alikuwa amevaa sare ya shule, kifungo cha pili hakipo, kama kile alichokipoteza binti wiki ile.

"Hii ni kazi yako!" fundi akamnong'oneza shemeji.

"Haki ya Mungu, ufunguo si uko kwenye soksi? Soksi hiyo hata mwizi angeisamehe."

Wakataka kucheka. Kabatini kukatoka harufu ya nywele zilizoungua, kisha sauti ndogo, kwaru, kwaru, kama mtoto anayechonga penseli afanye kazi ya shule. Binti alikuwa nje, anaruka kamba.

Mchana huohuo fundi alimwendea bibi mganga, mteja wake wa miwani, akamsimulia.

"Hicho kiumbe unakiitaje?" bibi akauliza.

"Mwanangu. Utani tu, bibi."

"Wewe umetania. Mwenzio ameitika." Bibi akashusha sauti. "Sasa anataka nafasi ya mtoto. Akikuita baba, mjibu: wewe si mwanangu. Lakini sikiliza vizuri. Neno hilo husemwa mara moja tu, na litamtoa kwenye nafasi hiyo yeyote aliyekuita baba, hata awe nani."

Kesho yake fundi akachagua saa tano asubuhi, mke na shemeji wako kazini, binti yuko shule, akaiweka albamu mezani, akaketi ameshika magoti, harufu ile ikapanda, ikamkaa kooni, kurasa zikaanza kujifunua moja moja bila upepo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ukurasa mfuko wa tisa ulikuwa mtupu, na kila mfuko ulikuwa na alama ya vidole vidogo vyenye mafuta ya biskuti, jasho likamwingia machoni mpaka miwani ikafunga ukungu asione hata mikono yake mwenyewe, na hapo, nyuma yake, karibu kabisa na sikio, ikaja sauti nyembamba:

"Baba?"

"Wewe si mwanangu!"

Akaifuta miwani, akageuka.

Binti yake alisimama na mkoba mgongoni. Mwalimu alikuwa anaumwa, watoto walirudishwa nyumbani mapema. Midomo ilimtetemeka kidogo, kisha ikatulia. Akamtazama fundi kama mtu anavyomtazama mpita njia, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nimekosea nyumba."

Akatoka. Fundi akafungua kinywa amwite, jina likamkatalia. Akakimbilia mlangoni, mtaa ulikuwa mweupe kwa jua, hakuna mtu.

"Baba," ikasema sauti kutoka mezani, tamu, imeshiba, "funga mlango. Vumbi linaingia."