Uvimbe wa Mama Zablon

Kornelio na mkewe Agustina, Mama Zablon, ni wafugaji wa kijiji cha Issenye. Asubuhi Agustina hukamua, na Kornelio hukagua ndama. Ndama akivimba tezi chini ya sikio, Kornelio huweka chuma motoni, kisha humchoma pale pale penye uvimbe. Wafugaji wengi wa huku hufanya hivyo. Kornelio anasifiwa kuwa na mkono mzuri, na huitwa hadi vijiji vya mbali. Ndama waliopona watu wanawataja. Waliokufa hakuna aliyewahesabu.

Siku moja Agustina alipokuwa akioga, aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulikuwa mgumu, mdogo kama punje ya harage, na haukuuma. Kwa sababu haukuuma, alinyamaza miezi kadhaa. Ulipofikia ukubwa wa ndimu, alimwambia mumewe.

"Uvimbe ni uvimbe," Kornelio alisema. "Jumamosi nitauchoma, utakauka."

Agustina aliogopa sana, lakini alikubali. Alimwamini mumewe.

Jumamosi asubuhi Teresia alikuja kununua maziwa. Teresia ni jirani yao, na ni muuguzi wa zahanati. Aliona chuma kimekuwa chekundu motoni.

"Shikamoo, mzee. Leo ndama yupi anaumwa?"

"Marahaba," Kornelio alijibu, akakigeuza chuma motoni.

"Leo ndama ni mimi," Agustina akasema.

Teresia aliweka kidumu chake chini. Aliingia ndani na Agustina, akaukagua uvimbe. Walipotoka, Teresia alimwendea Kornelio.

"Mzee, nakuomba usimchome mama. Nipe nafasi nieleze."

"Eleza."

"Mwili umejengwa na seli. Ni vipande hai vidogo sana, macho hayavioni. Seli moja hugawanyika zikawa mbili. Ndivyo mtoto anavyokua, na ndivyo kidonda kinavyofunga."

"Zinajuaje wakati wa kugawanyika?" Agustina aliuliza.

"Zinaletewa ujumbe, mama. Mwili hutoa vichocheo vya ukuaji. Hao ndio wajumbe. Kwenye ngozi ya seli kuna vipokezi. Kichocheo kikifika, kinashika kipokezi. Kipokezi kinapeleka amri ndani: gawanyika! Kazi ikiisha, amri inazimwa."

"Na huu uvimbe?" Kornelio aliuliza.

"Bado sijui. Lazima upimwe, huenda si saratani. Lakini kama ni saratani, basi amri imegoma kuzimika. Seli zinaendelea kugawanyika wakati mwili hauzihitaji."

"Nikizichoma si zitakufa?"

"Zitakufa za juu tu, za ndani zitabaki. Halafu utakuwa umetengeneza kidonda. Kidonda huita vichocheo ili ngozi ifunge. Utaupelekea uvimbe wajumbe wengine, mzee."

"Nimeponya ng'ombe wa kata nzima mimi," Kornelio alinung'unika.

"Najua, mzee. Lakini huyu ni mama."

Kornelio alimtazama mkewe. Alichukua maji, akauzima moto.

Jumatatu walikwenda hospitali ya Mugumu, na kutoka hapo wakaandikiwa barua ya kwenda Mwanza. Huko kipande cha uvimbe kilikatwa na kupimwa. Ilikuwa saratani. Daktari aliwaambia kwamba seli zile zilikuwa na vipokezi vya aina moja, vingi kupita kiasi. Amri ya kugawanyika ilikuwa ikiingia bila kukoma. Si kila saratani ya titi iko hivyo, ndiyo maana hupimwa kwanza.

Agustina alifanyiwa upasuaji. Alipewa dawa kali za kuua seli za saratani, na nywele zake zikanyonyoka. Alipewa pia dawa inayovishika vile vipokezi ili visipeleke amri ndani. Hiyo aliipata kila baada ya wiki tatu, mwaka mzima. Kornelio alimsindikiza kila safari.

Mwaka ulipoisha, daktari hakuona dalili ya saratani. Alimwambia aendelee kurudi kupimwa. Agustina alilia kwa furaha. Kornelio alikaa kwenye benchi nje, ameinamisha kichwa.

"Ningekuua, Mama Zablon," alisema.

"Na mimi ningekuachia," Agustina akajibu. "Wote wawili hatukujua."

Jumapili, baada ya ibada, Kornelio aliomba nafasi ya kuzungumza kanisani. Si mtu wa kusema mbele za watu, lakini alisimama.

"Nilitaka kumchoma mke wangu titi. Nilidhani namtibu. Mwenye uvimbe, hata kama hauumi, aende zahanati. Wanaume wenzangu, msiwazuie wake zenu. Wasindikizeni."

Kesho yake Teresia alikuta wanawake wanne wakimngoja nje ya zahanati kabla hajafungua mlango. Wawili kati yao walikuja na waume zao.