Duara Lenye Mlango

Rangi ya nembo ilikataa kukauka. Siku ya nne, pamoja na jua lote lile la Temeke, Adelard akigusa sehemu ya chini ya duara kidole kilirudi chekundu, kinanuka udi.

Nembo hiyo alikuwa akijivunia kupita kiasi. Mwaka ule wa hamsini na mbili serikali ilikuwa inafungua bustani ya sherehe, na yeye, mchora vibao kutoka Bukoba, ndiye aliyepewa kazi ya alama ya langoni. Wakati wa kuchimba mashimo ya nguzo alikuta sahani ya kauri imefukiwa kifudifudi, ina duara jeusi na mistari saba ndani yake. Mtu wa pwani angeirudisha shimoni akaondoka bila kugeuka nyuma. Adelard aliipangusa kwa shati, akaiiga. Ila duara la kwenye sahani lilikuwa limefungwa, naye akaliachia pengo chini.

"Mistari ni watu wa kila kabila," alimweleza Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. "Pengo ni lango. Karibuni nyote."

Bwana Shauri akampa mkono.

Nyumbani, binti yake Tekla, wa miaka sita, alianza kuichora nembo ile sakafuni kwa mkaa. Kila pengo lilielekea pale alipokaa. Nyumba ambayo haikuwahi kufukizwa ikajaa harufu ya udi, na mchana, mama yake akiwa jikoni, alimsikia mtoto akizungumza na mtu aliyemjibu polepole, kwa sauti ya mzee mwenye kiu.

"Baba Tekla, mie naogopa," Kokuberwa alinong'ona. "Mtoto hagusi chakula. Anasema anamwachia mgeni."

Adelard alikwenda kwa Bi Hayat, mwenye duka jirani na bustani, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyeifukia sahani. Alimwamkia, akamweleza yote. Bibi akavuta mtandio mdomoni.

"Mwanangu, duara lile ndilo lililomfunga. Mistari saba ni kamba zake. Wewe umemfungulia, ukamwambia na karibu. Nenda ukakae na mwanao, usiguse kitu. Alasiri nitakuja na ubani, tumrudishe kwa mlango huohuo aliotokea."

Lakini baba gani angekaa? Alikimbia hadi bustanini, akapanda ngazi, akaliziba pengo kwa rangi nzito huku analia, na kibao kikawa cha moto kifuani pake mithili ya mtu mwenye homa, na rangi iliyogoma siku nne ikakauka palepale chini ya brashi, naye, maskini, akamshukuru Mungu.

Bi Hayat alimkuta bado yuko juu ya ngazi. Aliitazama nembo.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Bibi."

"Na yeye yuko nje." Akakiweka chini chetezo cha ubani. "Sasa atarudi wapi?"

Adelard alikwangua kwa kisu hadi akafika kwenye mbao, lakini rangi aliyozibia pengo ilikuwa imeingia ndani ya mbao. Akakimbia nyumbani. Kokuberwa alikuwa amesimama mlangoni, hawezi kuingia wala kuondoka.

Tekla alikuwa ameketi sakafuni, katikati ya duara jipya la mkaa. Halikuwa na pengo.

"Usihangaike, Adelard," alisema kwa sauti ya yule mzee, ambaye sasa hakuwa na kiu tena. "Nimeshapata nyumba."